Mpima Asiye na Futi

Kipaza sauti cha msikiti kilipotangaza msiba, nilikuwa uani napepeta ufuta. Walitaja jina la marehemu, la baba yake na la babu yake. Nikasema inna lillahi kama tunavyosema kwa kila mtu, nikaendelea kupepeta. Jina lile sikulijua. Jirani yangu, Mama Zuhura, ndiye aliyesimama kwenye uzio akaniuliza, "Mbona bado umekaa? Huendi?"

"Kwa nani?"

"Dada, si Mpima huyo."

Nikaweka ungo chini.

Nilimjua mzee yule kuliko ninavyowajua baadhi ya ndugu zangu, na jina lake nimelisikia siku aliyokufa. Sitaliandika hapa. Si jina la mtu ninayemkumbuka mimi. Sisi wa Mkotokuyana tulimwita Mpima, na jina hilo tulimpa kwa makosa.

Siku alipokuja kwetu mara ya kwanza alikuwa na baiskeli, na nyuma ya baiskeli amefunga kifaa cha miguu mitatu cha mbao. Wakati huo watu wa upande wa Ruangwa walikuwa wanapimiwa mashamba kwa ajili ya madini ya kinywe, na habari zilikwisha kutufikia. Tulijua kitu cha miguu mitatu kikisimama mpakani mwa shamba maana yake nini. Yeye akakisimamisha mpakani mwa mikorosho yetu, akarudi nyuma, akanyoosha mkono ameshika kijiti, akafumba jicho moja. Mume wangu hakutaka kujua zaidi. Alipiga mluzi, wakaja majirani, na mapanga waliyokuwa wakipalilia nayo walikuja nayo vilevile. Mimi nikafuata nyuma.

"Mzee, unapima nini hapo?" mume wangu akauliza.

"Napima kile kivuli."

"Kivuli cha nani?"

"Cha mkorosho wako. Ni kirefu kuliko mkorosho wenyewe. Njoo uone."

"Nani kakutuma?"

"Jua."

"Huyo Jua ni wa ofisi gani? Wa wilayani?"

Mzee hakucheka. Alisogea pembeni ili wapite. Walizunguka mbele ya ile miguu mitatu, na mimi nikachungulia katikati ya mabega yao. Pale juu palikuwa na kipande cha gunia kilichowambwa kwenye fremu, na ndani ya gunia kulikuwa na shamba letu. Rangi bado mbichi, inang'aa. Kisha mume wangu akanyoosha kidole, bila kugusa.

"Hili si lile tawi langu lililovunjika?"

"Ndilo."

"Lakini mimi nalikata kesho."

"Kata keshokutwa," mzee akasema. "Sijalimaliza."

Mume wangu akasubiri hadi keshokutwa. Majirani walirudi makwao wakisemezana kwamba ni mpima, ila mpima gani asiye na futi? Jina likabaki.

Watu wengi hawakuelewa kazi yake ni nini hasa. Ukimwambia mtu wa huku kwamba fulani anatumia rangi ya mafuta, atakuuliza kama anaweza kumpakia milango. Mpima aliulizwa hivyo kila kijiji, na hakukasirika. Alikuwa akijibu, "Mlango wako naupaka, lakini utakuwa mdogo kama kucha." Rangi zake zilikuwa kwenye vitubu kama vya dawa ya meno, zikiletwa na basi kutoka Dar es Salaam, ambako alikuwa na binti yake. Gunia alitumia lile la korosho. Alilifua, akaliwamba kwenye mbao, akalipaka gundi, halafu rangi nyeupe ya ukutani, likakauka likawa gumu kama ngoma. Chini ya ile miguu mitatu alining'iniza jiwe kwa kamba, upepo usije ukaangusha kazi. Watoto walidhani jiwe ni dawa.

Kuna msimu mafuta yake ya kuchanganyia rangi yalimwishia, basi halijaleta mengine, naye hakuwa mtu wa kungoja. Akaenda kukamulisha ufuta. Mafuta ni mafuta, alijisemea. Akachora bonde zima la Mnero kwa mafuta ya ufuta, na picha ile haikukauka. Wiki zikapita haikauki. Akaitoa juani, haikauki. Ukafika wakati wa kupulizia mikorosho, dawa ya salfa ikawa inaelea hewani kama ukungu wa njano, ikatua kwenye picha yote, ikanata. Nilipokwenda kwake nikamkuta ameikalia mbele, ameshika shavu.

"Imeharibika, Mzee?"

"Sijui," akasema. "Angalia. Mimi nilichora bonde la mwezi wa tano. Salfa imekuja imechora mwezi wa saba juu yake."

Nikaangalia, na kweli. Lilikuwa bonde lile lile, ila limevaa ule umanjano unaotuwasha macho kila mwaka. Picha hiyo hakuifuta. Hadi leo ukiigusa kidole kinanata.

Nisiseme alikuwa malaika. Alikuwa na hasira za ghafla, na mtu akisimama mbele yake akamzibia alimfukuza kama anavyofukuzwa mbuzi. Rangi nyeupe aliionea uchoyo kiasi cha kuchekesha. Kitubu kikiisha alikipasua kwa wembe akakikwangua ndani. Lakini picha nzima alikupa bure, hata hujaiomba. Mama Zuhura alipewa moja, akawa anafunikia mtungi wa maji kwa sababu ilienea vizuri. Siku Mpima alipoiona pale mtungini mimi niliona aibu. Yeye aliifunua, akachota maji, akanywa, akaifunika tena. "Inafanya kazi," akasema. Mwaka huo huo aligombana na mtu mwingine vibaya sana, kwa sababu yule aliipangusa picha yake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa ili ing'ae. Walikaa muda mrefu hawasalimiani.

Watu hakuwachora. Wengine walisema ni kwa ajili ya dini. Nilimuuliza akaniambia, "Watu hawatulii." Nikamwambia mbuzi nao hawatulii, mbona unawachora? Akachovya brashi, akaendelea kupaka.

Kwa nini alitoka nje na jua lile, vumbi lile, wakati angeweza kupiga picha kwa simu akachora amekaa barazani? Hilo nalo nilimuuliza. Alisema simu inaona kwa kufumba na kufumbua, na yeye alitaka kuona kwa siku nzima. Alisema ukisimama mahali pamoja muda mrefu, ndege wanakuzoea, nyuki wanakuzoea, halafu pale mahali penyewe panaacha kukuonea haya. Sikumwelewa, nikakubali tu kwa heshima.

Nilikuja kumwelewa baada ya mume wangu kufariki. Nilipomaliza eda niliendelea kukaa ndani. Nilipika, nilifagia, shambani nilipeleka vibarua. Mpima alikuja na ile miguu mitatu yake, akabisha hodi, akakataa kuingia.

"Mwanangu, toka."

"Nikafanye nini, Mzee?"

"Nje hapajafa. Toka uone."

Alinipeleka kwenye mikorosho yangu mwenyewe. Akaniuliza kivuli kile kina rangi gani. Nikasema cheusi. Akaniambia nitazame tena. Nikasema cheusi, Mzee, kivuli ni cheusi. Hakubishana nami. Alianza kazi yake, mimi nikakaa chini nikiwa na hasira kidogo, na nadhani jua lilikuwa limeanza kuinama ndipo nikaona. Kivuli kilikuwa cha buluu. Pembeni, karibu na majani makavu, kilikuwa cha zambarau kama ganda la kitunguu. Katikati palikuwa na kijani kilichotoka sijui wapi. Nilizaliwa chini ya mikorosho, nimelima chini ya mikorosho, nimemzika mume pembeni ya mikorosho, na siku hiyo ndiyo kwanza naona kivuli chake. Nililia, na yeye hakugeuka. Tangu hapo nilikuwa natoka kwenda kusimama karibu yake kila nilipopata nafasi. Hakunifundisha kuchora, nami sikuomba. Aliniuliza tu. Nikisema kijani, anauliza, "Kijani cha nini?" Na ilinibidi nitafute.

Kipo kitu nilichomwomba mara moja tu katika maisha yake.

Mama yangu mzazi alikuwa anaishi kijiji kimoja cha Ruangwa, chini ya kilima ambacho ndani yake wamekuta kinywe. Nyumba yake ilikwisha kuwekewa alama nyekundu ukutani. Majirani wote walikuwa wamehama, upande wa pili wa kilima magreda yalikuwa yanachimba, na nyumba mpya aliyojengewa ilikuwa tayari, ina bati na sakafu. Mama akakataa kuhama. Walikuja viongozi, akawapa maji wakanywa, akakataa. Mimi nikaenda nikamlilia, akakataa. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kimwera ndicho alichoishi nacho, na kwa Kiswahili alichokuwa nacho aliniambia, "Nkinichukua mimi, na hicho kilima nani anakichukua?"

Niliogopa. Mvua zilikuwa zinakaribia, na tulikwisha kuambiwa kwamba baada ya hapo watakuja na amri na askari, watambeba. Sikutaka mama yangu abebwe.

Nikaenda kwa Mpima nikamweleza, nikamwomba amchoree mama kilima hicho, akihama ahame nacho. Hakuwa ametoka na baiskeli yake kwa muda, alisema magoti. Alinisikiliza, akauliza kilima kinatazama upande gani na jua la mchana linakipigia wapi. Halafu akasema twende.

Tulipanda gari la Ruangwa asubuhi, miguu mitatu na gunia vikafungwa juu pamoja na kuku wa watu. Ilikuwa ni wakati ule kabla ya mvua, ambapo miti ya porini inatoa majani mapya na milima inakuwa myekundu, utadhani inaona aibu. Kilima cha kwetu kilikuwa kimewaka chote. Mama alimwona Mpima anatua ile miguu mitatu, akatoka ndani na mchi mkononi.

"Mpima mwingine! Wamekuja wangapi? Hamjashiba?"

"Mama, huyu hapimi," nikasema.

"Napima kidogo," Mpima akasema. "Shikamoo, Bibi."

Walikuwa wa umri mmoja. Mama alicheka bila kupenda, akaweka mchi chini, lakini hakuitikia shikamoo yake. Akaingia ndani.

Mpima alisimama kazini. Nilimpisha kama kawaida, nikakaa nyuma nikichambua mboga. Kulikuwa na kelele za magreda kwa mbali, na vumbi lake linapanda juu ya kilima kisha linatawanyika. Alifanya kazi mpaka jua likapita utosini, akaniita. Alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla picha haijaisha. Aliigeuza upande wangu.

"Sema."

Nilitazama. Umbo lilikuwa sawa, kila bega la kilima, kila korongo. Nyumba ya mama ilikuwa pale na ukuta wake ulioinama. Lakini kilima kilikuwa cha kahawia. Anga ilikuwa ya kahawia, imechujuka. Ule wekundu wote haukuwepo. Ilikuwa kama kitu kilichochimbwa kaburini.

Tulikuwa hatudanganyani. Hilo lilikuwa ndilo kubwa kati yetu. Lakini nilijua nikisema ukweli huenda atafunga vitu vyake, na mama yangu atabaki akisubiri askari. Nikikaa kimya, mama ataletewa maiti ya kilima chake.

"Kilima kimekufa, Mzee," nikasema. "Umekipaka kahawia chote. Nje ni chekundu."

Alishusha brashi. Alitembea hadi ulipo mti wa mama wa mpapai, akaushika.

"Ni macho," akasema. "Mtoto wa jicho. Mwaka wa pili sasa. Dunia yote imekuwa chai kwangu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeniomba nije?"

Kumwambia ndiyo kungekuwa uongo.

Alirudi taratibu. Akakwangua ule ukahawia kwa kisu, akaufuta kwenye kitambaa, gunia likabaki na michirizi tu ya kilima. Akapanga vitubu vyake kwa mpangilio anaoujua yeye, akaniambia nimsomee kila kimoja kimeandikwa rangi gani. Akasema, "Basi niambie. Kwenye bega la kushoto, juu. Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu ya nini?"

Nikatafuta. "Ya bibo la korosho."

"Lililoiva leo au lililoanguka jana?"

"La jana. Upande uliolala chini."

Alichanganya, akachota kidogo kwa ncha ya kisu, akanipaka mgongoni mwa mkono. "Linganisha."

Nikanyoosha mkono kuelekea kilima, nikafumba jicho moja. "Ongeza njano. Kidogo. Hapo."

Tukaenda hivyo. Korongoni, rangi ya shingo ya njiwa. Anga iliyokaribia kilima, maji ya kuoshea mchele. Anga ya juu, kitambaa cha buluu kilichofuliwa miaka. Paa la nyasi la mama, magunzi ya mwaka jana. Mkono wangu ulijaa rangi hadi kwenye kiwiko. Alinikatalia mara nyingi. "Hapana, hujatazama, umekumbuka," aliniambia, "usinipe ulichokumbuka." Na nilipotazama upya, kweli, nilikuwa nimempa kilima cha utotoni, siyo kile kilichosimama pale na vumbi mgongoni. Kijana aliyepita na pikipiki alisimama, akazima injini, akatuangalia muda mrefu. "Mpima kapata mpima," akasema, akaondoka.

Sijui niseme vipi ilikuwaje. Nilitembea chini ya kilima hicho nikiwa mtoto, nikiokota kuni, na sikuwahi kukiona. Siku ile nilikiona kipande kwa kipande, kila kipande nikakipa jina, na kila nilichokitaja kikahamia kwenye gunia. Nilikuwa naogopa kupepesa macho. Nilijua kilima hicho kitachimbwa na kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anakitazama wakati ule isipokuwa mimi, na mzee mmoja asiyeona rangi.

Jua liliposhuka tulimaliza. Mpima hakuniuliza kama imependeza. Angeweza kuniuliza ikoje, nami ningemwambia, lakini hakuuliza. Alikaa kwenye jiwe akipangusa brashi, uso ameelekeza kilimani, akiona chai.

Mama akatoka. Alikuwa ametuangalia siku nzima kwa upenyo wa dirisha, hilo najua. Akaja akasimama mbele ya gunia na mikono nyuma kama mtu anayekagua mahari. Alikaa pale. Aliangalia kilima cha kwenye gunia, akainua macho akaangalia kile kingine, akarudi. Nikasubiri. Hakusema chochote kuhusu kilima. Akainama karibu, pua inakaribia kugusa rangi.

"Nani kafunga nlango wangu?"

Mpima akageuza kichwa. "Bibi?"

"Nlango. Umefunga nlango wangu. Wangu haufungwi nchana. Tangu niolewe haujafungwa nchana. Nlango ukifungwa nchana watu wanajua kuna maiti, au kuna ntu kaondoka."

Nikageuka nikatazama nyumba. Mlango ulikuwa wazi, giza la ndani linaonekana, na kuku yuko kizingitini. Mimi ndiye niliyemtajia Mpima ukuta wote kwa rangi moja, sikutaja mlango.

Mpima alisimama. Akachovya brashi kwenye rangi ya giza, akaipeleka mbele, na mkono wake ukasita hewani, mbali na nyumba. Jua lilikuwa limeshuka, na kwa macho yale hakupaona. Niliinuka nimsaidie, lakini mama alikuwa karibu zaidi. Mama yangu, ambaye hata mkwe wake hakumpa mkono bila kuufunika, alivuta ukingo wa kanga, akafunika kiganja chake, akamshika yule mzee kifundo cha mkono. Akausogeza taratibu hadi kwenye ukuta wa nyumba yake.

"Hapo," akasema.

Mpima akagandamiza mara moja. Mlango ukafunguka.

Mama hakumwachia mkono palepale. Alisogeza uso akatazama ndani ya lile doa dogo la giza, kama anayehakikisha vitu vyake vipo.

"Haya," akasema. "Ntu akija atajua tupo."

Kisha akaingia ndani, nikamsikia anakunja mkeka wake wa kulalia.